Mbwa wa mbegu mbili, uzio mmoja: majibu ya maswali yenu

Tangu nilipogusia hapa habari ya chotara wanaozaliwa bila mwenye mbwa kupanga, ujumbe haujakatika. Nimechukua maswali yanayojirudia na kuyafupisha. Ambao mlituma video za mbwa wakiwa wamenasana, picha nimezielewa, msiongeze nyingine.

Nina Jemani shepadi dume wa miaka mitatu na Roti (Rottweiler) jike wa mwaka na miezi miwili. Mchana wanafungiwa, usiku mlinzi anawafungulia walinde. Jike ameanza kutoa damu juzi, na sitaki kabisa wachanganye. Nimtenge siku ngapi? (Tabata, Dar es Salaam)

Wiki tatu ndiyo hesabu ya kawaida. Mimi nakwambia wiki nne, kwa sababu siku uliyoiona damu huenda siyo siku ilipoanza. Majike wengi wasafi hujilamba, na mwenye nyumba anakuja kushtuka siku ya nne au ya tano. Safari ijayo, muda wake ukikaribia, mpanguse kwa tishu nyeupe kila asubuhi kabla ya kumpa chakula. Majike wengi huingia joto, yaani kipindi cha kutoa damu na kutaka dume, kila baada ya miezi sita au saba hivi, kwa hiyo ukishaandika tarehe ya safari hii kwenye kalenda, safari ijayo haikukuti umelala.

Sasa kuna jambo ambalo karibu kila aliyeniandikia amelikosea. Kwa kawaida siku tisa hivi za mwanzo damu huwa nyekundu, uke umevimba, dume anamfuata, lakini jike anamkatalia: anakaa chini, anaunguruma, hata anauma. Mwenye nyumba anaona ulinzi umekaza. Kisha damu inapungua na kupauka kama maji yaliyooshewa nyama, uvimbe unalainika kidogo, na mtu anasema, "Afadhali, yamekwisha." Hayajakwisha, ndipo yanaanza. Mguse mgongo karibu na mkia: akisimama wima na kuupindisha mkia pembeni, anakubali dume yeyote atakayefika, na hali hiyo yaweza kudumu siku tisa nyingine au zaidi. Ukimfungulia siku ile damu ilipopauka, umempandisha mwenyewe.

Jingine ni mlinzi wako. Kwenye nyumba zetu ajali hizi hutokea saa nne usiku, wakati wa kufungulia, au alfajiri wakati wa kurudisha bandani. Mlinzi hajakosa akili, hajaambiwa tu. Mwite, mwoneshe jike, mweleze kwamba kwa wiki nne anafunguliwa dume peke yake usiku, na jike anatembezwa mchana kwa kamba, dume akiwa ndani. Ufunguo wa banda la jike ushikwe na mtu mmoja. Na kati ya hao wawili iwepo milango miwili, siyo mmoja: banda lenye komeo, ndani ya chumba au ua wenye mlango wake. Siku mtoto akisahau mmoja, wa pili unakuokoa. Anayeingia kufagia amvishe jike kamba kwanza, ndipo afungue.

Usimfunge kwa mnyororo uani ukadhani umemtenga. Umemfunga asiweze kukimbia, basi. Na zile kaptura na pampasi za mbwa zinasaidia sakafu isichafuke, hazizuii mimba.

Kwa kuwa Roti wako bado mdogo, kuna na hili: majike wachanga wakati mwingine hutoa damu, ikakata, wakatulia, kisha baada ya wiki chache wakaanza upya, na huo mzunguko wa pili ndio wenye mayai. Ukiona damu imekatika mapema bila dume kumshughulikia sana, endelea kuchunga.

Nimewatenga kwa wavu wa fensi. Dume hali, analia usiku kucha, majirani wananuna. Nimrudishe tu akae karibu naye labda atatulia? (Arusha)

Hatatulia, na wavu peke yake hautoshi. Mbwa hupandana hata kupitia matundu ya wavu kama jike atajisogeza kwa nyuma, na jike aliye tayari hujisogeza. Pia kagua chini: dume huchimba, na pengo la kumpitisha kichwa ni pengo la kumpitisha mwili. Weka matofali au mabati kwa chini, uyazamishe ardhini.

Dawa ya kelele ni kumhamisha dume. Kama una ndugu mwenye ua mzuri na hana jike, mpeleke huko wiki nne. Nasema dume kwa sababu ukimhamisha jike unahamisha harufu, na utawaletea wenyeji wako foleni ya mbwa koko getini. Kama hakuna pa kumpeleka, mweke upande wa pili wa nyumba, asimwone jike, na paoshe anapokojoa jike, ukutani na sakafuni, kwa maji mengi na sabuni. Kutokula siku mbili tatu kwa dume mwenye afya si ugonjwa. Akipitisha hapo, au akilegea, apimwe.

Nimewakuta wamenasana. Nimewamwagia maji, nimewapiga, hawakuachana. Baada ya dakika ishirini wakaachana wenyewe. Nifanye nini sasa? Jirani anasema nimpe P2, vile vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. (Mwanza)

Kwanza, safari nyingine usiwaguse. Kile kinachowashika ni uvimbe kwenye uume wa dume, na hauondoki kwa maji wala kwa fimbo. Unaondoka kwa muda, dakika tano hadi hata saa nzima. Ukiwavuta unachana nyama, ya dume au ya jike. Na wakishanasana mbegu imekwisha kuingia, kwa hiyo hakuna unachookoa.

Vidonge vya dharura vya binadamu visahau. Havikutengenezwa kwa mwili wa mbwa na havitakusaidia. Andika tarehe ya leo, kisha nenda kwa daktari wa wanyama ndani ya siku chache ukazungumze naye njia tatu. Ya kwanza: kama jike huyu hukukusudia kumzalisha kabisa, kumtoa kizazi kunamaliza jambo hili na yote yajayo. Ya pili: dawa iitwayo aglepristoni, sindano mbili zinazotenganishwa na saa ishirini na nne, inayotumika hadi siku ya arobaini na tano ya mimba. Haipatikani kila mahali, kwa hiyo uliza mapema. Na usifikirie kwamba ukisubiri ni sawa tu kwa sababu siku zipo: mapema ni salama zaidi na hakuna watoto wa kutoka. Ya tatu ni kuacha azae, ukajipanga. Mimba ya mbwa ni siku 63, pungufu au zidi kidogo, na ultrasaundi inaweza kuonesha kuanzia wiki ya nne.

Atakayekwambia achomwe estrojeni akate mimba, mkatalie. Ni njia ya zamani, inaweza kuleta usaha kwenye kizazi na kuharibu uboho unaotengeneza damu. Mbwa amekufa kwa ajili ya kuepuka watoto wanne, hiyo si hesabu.

Na chunga: bado yuko kwenye joto. Watu wakishakuta ajali moja hukata tamaa na kumwachia, kumbe bado anaweza kupandwa na wengine.

Kuna mtu anawachoma mbwa mtaani kwetu sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu, bei rahisi. Ni salama? (Morogoro)

Hapana. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu nakutana na matokeo yake. Homoni ile kwa mbwa jike huongeza hatari ya kizazi kujaa usaha, uvimbe wa matiti, na hata kisukari. Ubaya zaidi, anayechoma mtaani hapimi kama jike tayari ana mimba. Akiwa nayo, homoni inaweza kuzuia uchungu usianze, watoto wakapitiliza siku zao wakafia tumboni, na mama akawafuata.

Jike aliyechomwa, ukimwona wiki kadhaa baadaye anakunywa maji kupita kiasi, hataki chakula, tumbo limejaa, anatoa uchafu au hatoi, usisubiri Jumatatu. Usaha wa kizazi unaua. Na usiridhike kwamba hakuna kinachotoka: mlango wa kizazi ukiwa umefunga ndipo hatari inapokuwa kubwa.

Ukizijumlisha sindano nne za mwaka, miaka mitatu, linganisha na gharama ya kumtoa kizazi mara moja. Rahisi siyo ile.

Jike wangu ni Japanese Spitz mdogo, dume ni Boerboel wa kilo sitini. Nimeambiwa haiwezekani kimaumbile. Ni kweli? (Nairobi)

Aliyekuambia hajawahi kumwona jike akipanda kwenye ngazi ya veranda. Wanatafutana mpaka wanaweza. Na hata kabla ya mimba, dume wa kilo sitini juu ya jike wa kilo nane anaweza kumvunja.

Mimba ikishika, mwili wa mama kwa kawaida huwazuia watoto wasikue kupita kiasi, ndiyo maana wengine huzaa salama. Hatari inapanda watoto wakiwa mmoja au wawili tu, maana wanapata nafasi ya kunenepa. Baada ya siku ya 55 apigwe eksirei, wahesabiwe na vichwa vitazamwe dhidi ya nyonga. Siku yenyewe, akisukuma kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, au akitoa majimaji ya kijani kabla ya mtoto wa kwanza, anahitaji daktari, pengine upasuaji. Pesa ya upasuaji iwe tayari kabla, siyo ya kuchangishana usiku.

Kwa mchanganyiko kama huu mimi sishauri kutenga tu. Mmoja wao ahasiwe au atolewe kizazi.

Jemani shepadi wangu alipandwa na mbwa koko mwaka jana. Wafugaji wenzangu wanasema damu imeharibika, hata nikimpandisha kwa dume safi watoto watatoka wachafu. (Moshi)

Si kweli. Watoto wanachukua nusu kwa mama na nusu kwa baba wa uzao huo. Dume wa mwaka jana hakuacha kitu ndani yake.

Ila kinachoweza kubaki ni ugonjwa. Kuna uvimbe wa saratani unaoambukizwa kwa kupandana, unaonekana kama nyama nyekundu inayovuja damu sehemu za siri, na mbwa wanaozurura ndio wanaousambaza. Unatibika vizuri kwa vinkristini, dawa ya saratani. Mkague jike kabla hujampeleka kwa dume wa watu.

Roti alimpanda jike wangu wa Roti kwa mpango, siku mbili baadaye nikamkuta na mbwa wa jirani. Wamezaliwa saba, watatu hawafanani na wenzao. Inawezekana baba wawili? Naweza kuwasajili hao wanne? (Nakuru)

Inawezekana sana. Mbegu za dume huishi siku kadhaa ndani ya jike, na mayai hayakomai kwa saa moja, hivyo uzao mmoja unaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja. Lakini usiwachague kwa macho. Mtoto wa chotara anaweza kuzaliwa na alama zote za Roti, na masikio yakakuumbua akifika miezi mitano. Kinachoamua ni kipimo cha vinasaba kwa kila mtoto, mama, na dume wako. Waeleze East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa, ukweli wote kabla hujajaza fomu, na mnunuzi pia.

Nina ndugu wawili wa tumbo moja, dume na jike, miezi saba. Watajijua ni ndugu wasipandane? (Tanga)

Hawatajijua. Kaka, dada, mama na mwanawe, kwa mbwa hiyo haipo. Miezi saba dume tayari anaweza kuzalisha na jike anaweza kuingia joto wakati wowote. Watenge usiku wa leo.

Dume amehasiwa wiki mbili zilizopita na jike ameingia joto. Sasa naweza kuwaacha pamoja? (Mombasa)

Bado. Mbegu zilizokuwa kwenye mirija zinabaki baada ya korodani kuondoka. Hesabu wiki sita tangu siku ya upasuaji. Hata baada ya hapo unaweza kumwona akimpanda na kunasana naye, hasa kama alikuwa mzoefu, lakini hapo hapana mimba. Tatizo lako ni kwamba wiki sita zake zinaisha baada ya joto la jike, kwa hiyo safari hii fuata yale niliyomwambia msomaji wa Tabata, milango miwili na ufunguo kwa mtu mmoja.