Muulize Fundi: Brauza ya kazini imefungwa, ufunguo anao nani?

Safari hii maswali karibu yote yamekuja na kilio kimoja, mtu anataka kubadilisha kitu kidogo tu kwenye setingi za usalama za brauza, anakuta kitufe kimefifia, hakibonyezeki, na juu yake kuna maneno kwamba brauza inasimamiwa na shirika. Nimechagua matano. La kwanza nimelijibu kirefu manake ndani yake kuna majibu ya wengine wengi.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni karani, napokea fomu za wateja kwenye mfumo wa ofisi. Nikibonyeza fomu inatakiwa ifunguke kwenye kidirisha kingine lakini Chrome inakizuia kila mara. Nimeenda kwenye setingi niruhusu vidirisha ibukizi nakuta pamefifia kabisa. Mwenzangu kaniambia niingie kwenye rejistri nifute vitu fulani eti itafunguka, na cha kushangaza kwenye kompyuta yake yeye fomu zinafunguka bila shida. Nifanyeje maana kazi zinalala?

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole. Kwanza kabisa hiyo rejistri, yani ghala la setingi za ndani za Windows, usiiguse. Nalisema mapema kwa sababu najua ukiwa na rundo la fomu mbele yako kila njia ya mkato inavutia. Kitufe kikififia namna hiyo Chrome yako ni nzima, ila kuna mtu wa aiti ameandika sera, yani agizo linalokaa juu ya setingi zako, na brauza inalitii hilo agizo kabla ya kukusikiliza wewe.

Kulisoma hilo agizo huhitaji ruhusa ya mtu. Andika chrome://policy pale juu unapoandikaga anuani, bonyeza enter, utaletewa jedwali. Anayetumia Edge aandike edge://policy na wa Firefox aandike about:policies. Kwenye jedwali la Chrome kila mstari una jina la sera, thamani yake, imetoka wapi, inamhusu nani (mtumiaji au kompyuta nzima) na kama ni ya lazima au ni pendekezo tu. Kwa tatizo lako tafuta mstari unaoitwa DefaultPopupsSetting, ukikuta thamani yake ni 2 basi vidirisha vimezuiwa kwa kila tovuti, na jibu lake ni sera nyingine inaitwa PopupsAllowedForUrls ambayo watu wa aiti wanaandika anuani ya tovuti moja au mbili zinazoruhusiwa huku nyingine zote zikibaki zimefungwa. Kwahiyo unachohitaji ni mfumo wenu uingizwe kwenye hiyo orodha, na kwa mtu wa aiti hiyo ni kazi ya dakika chache tu, kama akiambiwa vizuri.

Sasa kuhusu mwenzako. Kompyuta mbili za ofisi moja zinaweza kuwa na sera tofauti kwa sababu sera zinapangwa kwa makundi, labda yeye yuko kundi lingine la watumiaji, au kompyuta yake haijaungana na mtandao wa ofisi siku nyingi na bado inatembea na maagizo ya zamani. Au ni wewe ndio una maagizo ya zamani! Hilo linatokea sana kwa wanaofanya kazi na laptop nyumbani, aiti wamesharekebisha lakini wewe rekebisho halijakufikia. Unganisha kompyuta na mtandao wa ofisi (kama uko nje washa VPN, ile programu inayokuunganisha na mtandao wa ofisi ukiwa mbali), fungua kidirisha cha amri cha Windows uandike gpupdate /force, subiri imalize, zima uwashe upya. Amri hiyo haivunji kufuli lolote, inavuta tu maagizo mapya kutoka kwenye seva. Alafu rudi chrome://policy mkae wawili mlinganishe kompyuta zenu mstari kwa mstari, mtaona wenyewe tofauti iko wapi.

Na kwanini nimekukataza rejistri. Ni kweli sera za Chrome kwenye Windows zinakaa mle, na mtu mwenye haki za adimini, yani msimamizi wa kompyuta, anaweza kuzifuta. Lakini kompyuta iliyo kwenye domeni ya ofisi, yani kundi la kompyuta zinazosimamiwa na seva ya ofisi, inaenda kuuliza maagizo mapya kila baada ya dakika 90 hivi, na inaongezewa muda wa bahati nasibu mpaka dakika 30 ili kompyuta zote zisiivamie seva kwa mpigo. Ulichofuta kinaweza kukaa kimefutika kwa muda ukafurahi, siku sera ikibadilishwa au mtu wa aiti akilazimisha, kinarudi, na safari hii jina lako liko kwenye maelezo ya nani alichezea kompyuta. Juu ya hapo ukikosea mstari ukafuta kingine, ni Windows nzima inayumba, sio brauza peke yake. Mimi nimeshawahi kukaa na mtu aliyeambiwa na rafiki yake afute "kale kamoja tu", tukaishia kuipanga mashine upya kuanzia sifuri, na mafaili ambayo hakuwa ameyahifadhi kwingine yakaenda.

Ujumbe wa kuwapelekea aiti uandike hivi, ubadilishe tu anuani na majina: "Habari, naomba msaada. Mfumo wa fomu (anuani kamili hii hapa) unafungua fomu kwenye kidirisha kipya na Chrome inakizuia. Kwenye chrome://policy naona DefaultPopupsSetting ni 2 na anuani ya mfumo haipo kwenye PopupsAllowedForUrls. Jina la kompyuta yangu ni hili. Imetokea leo saa 4 asubuhi, picha ya skrini nimeambatanisha. Bila hii siwezi kupokea fomu." Ujumbe wa hivo haurudishwi na maswali kumi. Ukiandika "Chrome haifanyi kazi" unajiweka mwisho wa foleni mwenyewe, na sio kwamba hawakupendi, wanakuwa hawajui waanzie wapi.

Swali: Fundi, mimi sina ofisi. Laptop ni yangu, naitumia nyumbani, lakini Chrome inaniambia inasimamiwa na shirika. Shirika gani? Naogopa kuna mtu ananichungulia.

Jibu: Kaka, kuogopa kwako kuna msingi ila usikimbilie kufuta kila kitu. Fungua chrome://policy, angalia safu ya chanzo. Ikiandika kwamba sera zinatoka kwenye wingu (cloud, yani seva za mtandaoni), basi kuna akaunti ya kazi au ya chuo uliyoingia nayo ndani ya brauza, na ile akaunti inakuja na maagizo ya mwenyewe hata ukiwa kitandani kwako. Dawa yake ni kutengeneza profaili mbili, ya kazi ibaki na akaunti ya kazi, ya kwako iwe na akaunti yako binafsi, zisichanganywe. Kwenye Windows angalia pia setingi za akaunti, sehemu ya kuunganisha kazi au shule, manake kuna siku unaingia kwenye programu ya kazi inakuuliza kama unaruhusu shirika lisimamie kifaa chako, ukiwa na haraka unabonyeza ndiyo, na kuanzia hapo umeshaikabidhi mashine.

Kama chanzo kinaonyesha ni mashine yenyewe na hujawahi kuiunganisha na ofisi yoyote, zimebaki sababu tatu. Moja ni antivairasi, kuna zinazojiwekea sera kwenye brauza na hiyo haina ubaya. Nyingine ni kwamba laptop ulinunua mkononi kwa mtu na ilikuwa ya ofisi, hapo mrudie aliyekuuzia, kwa sababu kama bado imesajiliwa kwa wenyewe hata ukipiga Windows mpya inaweza kurudi kuwaulizia. Ya tatu ndio mbaya, ni programu hasidi. Tafuta ExtensionInstallForcelist kwenye jedwali. Hiyo sera inalazimisha kiendelezi, yani programu ndogo ya kuongezea kwenye brauza, kiingie na inakunyima kitufe cha kukiondoa, kwahiyo ukikuta pale kiendelezi usichokijua na ukurasa wako wa kutafutia umebadilika wenyewe, ushaelewa. Futa kwanza programu zote ulizoweka karibuni ambazo huna uhakika nazo, skani mashine nzima kwa antivairasi ya kuaminika, na baada ya hapo tu ndio uende kwenye rejistri, HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome, utoe nakala ya hilo folda uiweke pembeni, ndipo ulifute na kuwasha mashine upya. Kuna mengine yanajificha chini ya HKEY_CURRENT_USER kwa njia hiyo hiyo. Ukifuta kabla ya kumtoa aliyeliweka, atalirudisha. Alafu badilisha nywila zako, ukitumia kifaa kingine kisafi.

Unaona tofauti na yule dada wa kwanza, yeye nimemkataza rejistri, wewe nimekuruhusu. Mashine ni yako.

Swali: Mfumo wetu wa stoo ni wa zamani, unataka Internet Explorer. Kijana mmoja alinionyesha namna ya kuufungua ndani ya Edge, ukawa unafanya kazi vizuri, lakini baada ya kama mwezi unagoma mpaka aje tena. Kila mwezi hivohivo. Na sehemu ya tovuti zinazoaminika nayo imefifia.

Jibu: Mzee wangu, maelezo yako yamenipa jibu moja kwa moja, hasa hiyo "kila mwezi". Internet Explorer 11 ilistaafishwa na Microsoft tarehe 15 Juni 2022 kwenye matoleo mengi ya Windows 10, ila ndani ya Edge wakaacha hali ya kufungua kurasa za kizamani, na wameahidi kuiunga mkono angalau mpaka 2029. Ukurasa ukiongezwa na mtumiaji mwenyewe kwenye setingi za Edge unapewa siku 30 tu, zikiisha unafutika kwenye orodha. Ndio huo mwezi wako! Kijana hajakosea, amekufungulia kwa njia ya mtumiaji wa kawaida. Waambie aiti mnahitaji mfumo wa stoo uingizwe kwenye orodha ya tovuti ya kampuni nzima, sera yake kwenye Edge inaitwa InternetExplorerIntegrationSiteList, orodha hiyo haina habari ya siku 30.

Hilo la tovuti zinazoaminika nalo ni la kwao. Windows inagawa tovuti kwenye kanda zenye namba, 1 ni mtandao wa ndani, 2 ni zinazoaminika, 3 ni intaneti ya kawaida, 4 ni zilizobanwa, na aiti wakishaamua kuigawa wenyewe kwa sera, mtumiaji hawezi kuongeza. Waombe mfumo wenu upewe namba 1 au 2. Ila hapa niseme kwa uchungu kidogo, 2029 sio mbali, na mwenye huo mfumo aanze leo kutafuta mbadala, manake nimeona watu wanavyohangaika wanapobaki na miezi miwili mkononi.

Swali: Brauza inaniambia muunganisho sio salama kwenye kila tovuti, na kile kitufe cha kuendelea hivohivo hakipo.

Jibu: Kila tovuti? Angalia saa na tarehe ya kompyuta. Cheti cha tovuti, kile kinachoithibitishia brauza kwamba tovuti ni yenyewe, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, saa ikirudi nyuma miaka mitatu vyeti vyote vinaonekana havijaanza kazi. Ikiwa saa inapotea kila ukizima mashine, betri ndogo ya kwenye ubao mama imekwisha. Kitufe kukosekana kunaweza kuwa ni sera inayoitwa SSLErrorOverrideAllowed imezimwa, na kazini mimi naunga mkono izimwe. Kama saa iko sawa na bado inakataa, usiingize nywila popote, piga simu aiti.

Swali: Nimeajiriwa aiti peke yangu, aliyekuwepo kaondoka na hakuacha maandishi yoyote. Sera zimejaa, watu wananilalamikia, bosi ananiambia fungua zote yaishe. Nianzie wapi?

Jibu: Mdogo wangu, pole, hiyo nafasi ni ngumu na wengi hawaielewi. Usifungue zote. Kaa kwenye kompyuta ya mlalamikaji mmoja, uandike gpresult /h na jina la faili, utapata ripoti inayoonyesha kila sera na ilikotoka, fananisha na chrome://policy. Kama mnatumia na usimamizi wa wingu ujue kwamba kwa kawaida Chrome inaanza kutii sera ya mashine, alafu ya wingu kwa mashine, ndipo zinafuata za mtumiaji, kwahiyo unaweza ukabadilisha kwenye wingu siku nzima na kumbe kuna Group Policy (sera za Windows zinazotoka kwenye seva ya ofisi) ya zamani inakupiga kutoka juu. Kwa watu wa Firefox tafuta faili la policies.json ndani ya folda la distribution, lilianza na Firefox 60 mwaka 2018 na wengi wanalisahau.

Ukishajua zilipo, ziandike zote kwenye karatasi na sababu ya kila moja, ukikosa sababu iwekee alama. Zile za usalama kabisa, kama viendelezi na maonyo ya vyeti, ziache za lazima. Za ukurasa wa mwanzo na vitu vya mapambo zifanye pendekezo, mtumiaji abadilishe mwenyewe, utashangaa malalamiko mangapi yatakatika hapo tu. Kwa tovuti za kazi toa ruhusa ya tovuti moja moja, jaribu kwa watu watatu au wanne kwanza kabla ya kuisambaza. Na bosi mpelekee hiyo karatasi, umwonyeshe kila mstari unaofunguka unamwachia nani mlango, alafu asaini ile anayotaka ifunguliwe.