Kidonge ameze mtu, afe mbu?

SWALI: Habari daktari, kuna jamaa kaniambia eti kuna dawa inaitwa nitisinoni, ukimeza halafu mbu akikunyonya damu anakufa yeye, na eti ilianzia kwenye dawa za kuua magugu. Sasa kama inaua mbu na magugu, mimi niliyeimeza napona vipi?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, na jamaa yako hajakudanganya. Ukila protini mwili unapata kitu kinaitwa tairosini, inayozidi inavunjwavunjwa hatua kwa hatua, kila hatua ina kimeng'enya chake, na nitisinoni inaziba kile cha hatua ya pili, basi. Kinachotokea baada ya hapo kinategemea nani kazibwa. Gugu linakitegemea hicho hicho kulinda ile rangi ya kijani, likizibwa majani yanageuka meupe na linakufa. Kuna watoto wanazaliwa hatua ya mwisho ni mbovu, inazalisha sumu inayokula ini, kwa hiyo ukiziba huku juu sumu haitengenezwi kabisa, Uswidi walianza kuwapa watoto dawa hii 1991 na mimi kila nikilifikiria hilo nafurahi sana maana kabla ya hapo ilikuwa karibu lazima kubadilisha ini.

Mbu sasa. Jike ananyonya damu kushinda uzito wake mwenyewe kwa mkao mmoja, na damu imejaa protini, tairosini inamfurika kwa mpigo na njia ya kuivunja imefungwa, hana pa kuipeleka, inamrundikania mpaka anakufa. Aliyenyonya maji ya maua tu hapati shida. Mwaka 2025 watafiti walitoa majibu ya mbu waliolishwa damu ya watu wanaotumia dawa hii kwa alkaptonuria, ule ugonjwa ambao mkojo ukikaa unageuka mweusi, na mbu walikufa kweli.

Wewe unapona kwa sababu huli protini nyingi kiasi hicho kwa mkupuo, ila tairosini kwenye damu yako nayo inapanda, inaweza kuganda vichembe kwenye kioo cha jicho, macho yanakuwa mekundu na mwanga unachoma. Ndio maana wagonjwa wanapunguziwa protini na wanapimwa damu kila mara. Kwa hiyo usiimeze kwa ajili ya mbu, kazi hiyo bado haijaidhinishwa, lala kwenye chandarua.