Sasa Eliza karudi kufanya nini?

Mi mtu wa Tarime, nlivyofika Dar nlikuwa nasema "nakura wari" ofisi nzima inacheka, bosi akaniambia ukitaka kukaa mapokezi kwanza nyoosha ulimi. Kipindi hicho ndo nikaazimwa dividii ya My Fair Lady, ile filamu ya 1964 iliyotoka kwenye mchezo wa jukwaani wa Broadway, 1956. Aisee niliipenda! Eliza muuza maua wa Covent Garden anafundishwa Kiingereza cha wakubwa na Profesa Higgins, miezi sita tu yuko dansini ubalozini hakuna anayemshtukia. Nikasema huyu mimi kabisa.

Juzi nimeiweka tena hapa Tabata na binti wa kaka yangu, yuko fom tri. Nyimbo bado tamu, hapo sibishani na mtu. Ila Higgins anamwita msichana wa watu jani la kabichi lililopondeka, nikajikuta nacheka peke yangu. Baba mtu anakuja kumwachia binti kwa pauni 5, zamani niliona kichekesho, mtoto kaguna tu. Halafu mwisho sasa, Eliza kashaondoka zake, karudi, na jamaa hata hainuki kwenye kiti anauliza ndala zake ziko wapi.

"Shangazi, sasa huyu karudi kufanya nini?"

Kwa hiyo ushauri wangu, kitu ulichokipenda zamani kirudie ukiwa na mtoto wa leo, na akiuliza usianze "enzi zile bwana". Mi nilianza hivyo nikaumbuka, maana Bernard Shaw aliyeandika Pygmalion, mchezo uliozaa huu, hakutaka kabisa hao wawili waishie pamoja, London 1914 Higgins wa jukwaani akawa anamrushia Eliza maua mwishoni na Shaw alichukia kwelikweli, baadae akaandika kabisa kwamba Eliza kaolewa na Freddy, yule kijana mwingine anayempenda. Enzi zile zenyewe zilishaona! Na New York 2018 walivyoiigiza upya My Fair Lady, Eliza anashuka jukwaani anaondoka zake.

Usiitupe dividii lakini, mi yangu ipo. Ila rudia na stori ya maisha yako pia. Miaka yote namsifia yule bosi kuwa alinitengeneza.

Jana nimempigia mama nikaongea naye vilevile vya nyumbani, nakura wari na dagaa, yule binti katoa macho, hajawahi kunisikia.