Nenda na swali moja

Kutoka kongamano langu la kwanza la wakutubi nilirudi na daftari lililojaa, mifuko miwili ya kitambaa yenye nembo za wauzaji, na kalamu kumi na moja. Jumatatu asubuhi mkuu wangu akaniuliza, "Haya, umetuletea nini?" Nikafungua daftari. Mlikuwa na vichwa vya mada, sentensi za watu zilizokatikia njiani, na mishale ambayo hata mwenyewe sikukumbuka inaelekea wapi. Nikamgawia kalamu.

Kosa lilikuwa langu. Nilizunguka kutwa nzima nikitaka kumaliza kila kilichokuwa kwenye ratiba. Nilitoka katikati ya kikao cha uhifadhi wa nyaraka za kidijitali nikikimbilia cha maktaba za watoto, nikafika watu wanafunga kompyuta zao. Cha kwanza nilikikosa mwisho, cha pili nikakikosa chote.

Mara ya pili nilikwenda na swali moja tu. Rafu zetu zilikuwa zimeshonana kiasi kwamba kuchomoa kitabu kimoja ni kazi ya mikono miwili, na kila tulipotaka kuondoa vilivyopitwa na wakati ulizuka ubishi. Huyu anasema hiki bado kinasomwa, yule anaapa hakijaguswa tangu aajiriwe. Mfumo wetu ulihesabu vilivyoazimwa peke yake. Vile ambavyo msomaji anachukua, anasomea mezani na kuviacha hapo hapo, haukuwa na habari navyo. Basi nikaandika nyuma ya kitambulisho changu: nitajuaje kitabu kinatumika kama hakitoki nje ya mlango?

Ukishakuwa na swali, ratiba inapungua yenyewe. Siku ya kwanza nilichagua vikao vinne, na kimoja nilikiacha baada ya dakika kumi bila kuona haya. (Kaa karibu na mlango. Kumpita mtoa mada mbele ya macho yake ukitoka ni jambo la aibu kwa wote wawili.)

Jibu sikulipata ukumbini. Nililipata kwenye mabango ambayo washiriki huyabandika kueleza kazi zao, ule muda wa mapumziko ambao wengi hukimbilia foleni ya chai. Mkutubi wa maktaba ya shule alikuwa amesimama kando ya bango lake, mikono nyuma, hana wa kuzungumza naye. Bango lilikuwa na picha ya migongo ya vitabu, na mingi ilikuwa na vibandiko vidogo vya mviringo, vya kijani na vya njano. Kila jioni wanapokusanya vitabu mezani, kila kimoja kinabandikwa nukta kabla ya kurudi rafuni. Mwaka ukibadilika, rangi inabadilika. Kitabu kisicho na nukta hata moja baada ya miaka kadhaa kinajitaja chenyewe.

Nikamuuliza ambalo bango halikulisema: nini kiliharibika? Akacheka, akasogea karibu. Mwanzoni walibandika juu ya lebo ya namba ya kitabu, namba zikafichika, na wapangaji wa rafu wakawa wanakisia. Kisha wanafunzi wakaugundua mchezo, wakaanza kuvibandikia nukta vitabu wanavyovipenda ili visiondolewe. "Siku hizi vibandiko nafungia droo," akasema. Kwa maneno hayo machache nilikuwa nimeepushwa na makosa mawili ambayo ningeyafanya mimi mwenyewe.

Ndiyo maana sasa kila ninayekutana naye namuuliza lililomshinda. Jukwaani mtu ana dakika kumi na tano na mwajiri wake yuko ukumbini, kwa hiyo atasimulia mafanikio. Kwenye korido husema mengine.

Najua wengi wetu si watu wa kumkamata mgeni mkono. Mimi pia. Swali hunisaidia hapo vilevile, kwa kuwa "Ninyi mnafanyaje kuhusu vitabu visivyoazimwa?" ni rahisi kutamka kuliko kujieleza wewe ni nani na umesoma wapi.

Kwenye mabanda ya wauzaji, tembea na swali la pili. Watakuonyesha katalogi inayomeremeta. Wewe uliza gharama za mwaka wa pili na wa tatu, na uulize siku ukitaka kuhama utatokaje na kumbukumbu zako zote, tena katika MARC, muundo wa pamoja wa kuandika taarifa za vitabu kwenye kompyuta, unaosomeka na mfumo mwingine. Anayejibu moja kwa moja, mpe muda. Anayekupa kalamu, shukuru na uendelee na safari. Na ukisikia neno "bure", sikiliza kwa makini. Koha, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maktaba ulioanzia New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000, hauna ada ya leseni, na jina lake lenyewe kwa Kimaori lina maana ya zawadi. Hata hivyo seva, fundi na mafunzo vinahitaji bajeti. Watafute wanaoutumia, wakwambie nani huwapokelea simu mfumo unapogoma.

Ukibahatika kufika kongamano la dunia la IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba lililoanzishwa Edinburgh mwaka 1927, usiishie kwenye vikao vikubwa. Vikao vya kazi vya kamati za kudumu kwa kawaida viko wazi kwa watazamaji. Ni vikavu, watu wanabishania neno moja nusu saa, lakini mwongozo wa maktaba za shule wa mwaka 2015 ulitoka kwa watu wa kamati za namna hiyo. Na chukua kile kisikilizio cha ukalimani kinachotolewa mlangoni hata kama Kiingereza chako kimenyooka, maana atakayepanda jukwaani huenda akazungumza Kihispania.

Kuhusu nauli na ada: omba mapema, na peleka pendekezo la bango. Mwajiri humwelewa zaidi anayekwenda kuwasilisha kuliko anayekwenda kusikiliza. Viatu vipya viache nyumbani.

Safari hii ripoti yangu ilikuwa ukurasa mmoja, na niliiandika nikiwa njiani kurudi, kabla ya barua pepe za kazini kunimeza. Mkuu aliisoma akiwa amesimama, akauliza vibandiko vinapatikana wapi. Tulianza na rafu za vitabu vya kompyuta, na nukta tukazibandika chini kabisa ya mgongo, mbali na lebo.

Mwenye lile bango tunaandikiana mpaka leo. Mwaka ulipoisha nilimtumia picha ya rafu nzima ya vitabu vya programu za zamani, safi, haina hata nukta moja. Akanijibu kwa neno moja: "Droo?" Nikamwambia ndiyo, imefungwa.