Re: Tromsø mpaka Longyearbyen ni umbali gani na ndege inachukua muda gani?

Mkuu, toka Tromsø, mji wa kaskazini mwa Norway, mpaka Longyearbyen, mji ulioko visiwa vya Svalbard, ni kama kilomita 960 hivi kwa mstari ulionyooka, na angani unakaa saa moja na dakika 40 au zaidi kidogo, maana jeti inakata kama kilomita 800 kwa saa ila kupanda na kushuka kunakula muda. Karibu safari yote ni bahari tupu chini yako, unaelekea kaskazini moja kwa moja. Ukitokea Oslo ni mbali zaidi, kama kilomita 2,000, karibu saa tatu.

Sasa kitu ambacho nakuomba sana usikisahau ni paspoti, kwasababu Svalbard ni ya Norway lakini iko nje ya Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia visa moja), so kama una visa ya kuingia mara moja tu ukishatoka Tromsø umetoka Schengen na kurudi ni shida, hakikisha ni ya kuingia mara nyingi kabla hujalipia tiketi.

Kiwanja cha ndege cha Longyearbyen chenyewe kidogo tu, kilifunguliwa 1975, njia ya kurukia imejengwa juu ya ardhi iliyoganda, na pale unaposubiri begi kuna dubu mweupe aliyekaushwa amesimama katikati ya mkanda wa mizigo. Desemba hata saa sita mchana utatua gizani.