Programu ya C ikikatikia kwenye free, kosa usilitafute hapo

Chukua programu ndogo ya kusajili maghala ya mahindi, kuanzia Uyole hadi Mafinga. Jina la ghala linahifadhiwa hivi (malloc huomba nafasi ya kumbukumbu, strcpy hunakili maandishi, na free huirudisha nafasi hiyo baadaye):

char *jina = malloc(strlen(ingizo));
strcpy(jina, ingizo);

Ukiingiza "Uyole", inakubali. "Makambako" nayo inakubali. Ingiza "Ghala la mahindi Mafinga": programu inaendelea kama kawaida, halafu huko mbele, kwenye free au malloc isiyohusika kabisa, inakatika kwa ujumbe kama free(): invalid next size. Wengi hukimbilia kuifuta ile free. Tafadhali usiifute, maana yenyewe imegundua tu uharibifu uliokwisha kufanyika.

Kosa ni la baiti moja. strlen huhesabu herufi bila ile '\0' ya kufungia, ila strcpy huinakili pamoja nazo. "Uyole" ina herufi 5, kwa hiyo inataka baiti 6. Mbona haikuanguka? Kwenye Linux ya biti 64, malloc ya glibc (maktaba ya C) ukiiomba baiti 5 hukutengea nafasi ya 24, hivyo ile ya sita inatua pasipo na kitu. Jina la Mafinga, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, ni herufi 24 kamili. Baiti ya 25 inaandikwa juu ya kumbukumbu za ukubwa wa kipande kinachofuata, na hizo ndizo malloc na free wanazozitegemea. Ndiyo maana kujaribu programu kwa majina mafupi peke yake hakuthibitishi kitu.

Andika malloc(strlen(ingizo) + 1), kisha hakikisha jibu si NULL (yaani nafasi imepatikana) kabla ya kunakili.

Kumkamata mharibifu akiwa kazini, kompaili na AddressSanitizer, kikagua kumbukumbu cha gcc, hivi:

gcc -g -O1 -fsanitize=address -fno-omit-frame-pointer ghala.c -o ghala

Rudia ingizo lilelile. Safari hii programu inasimama palepale kwenye strcpy na kuandika heap-buffer-overflow. Usiishie mstari wa kwanza. Shuka utafute WRITE of size 25, kisha 24-byte region, kisha allocated by, panapotajwa mstari wa malloc yako. Umeandika 25 penye 24.

Valgrind, programu nyingine ya kukagua kumbukumbu, haihitaji kukompaili upya, mradi uliweka -g na hukuweka -fsanitize:

valgrind --leak-check=full ./ghala

Ni nzito, inaweza kupunguza kasi mara 10 hadi 30, kwa hiyo ipe faili la maghala matano, si elfu tano. Lakini usiidharau: inashika matumizi ya thamani ambazo hazijawahi kuwekwa, jambo ambalo AddressSanitizer hailioni.

Kosa jingine la kila siku ni malloc(sizeof g) wakati g ni pointa, yaani anwani tu ya mahali kwenye kumbukumbu. Unapata baiti 8 tu. Andika sizeof *g.

Na realloc, inayobadilisha ukubwa wa nafasi uliyokwisha kuomba, ina mtego wake. Ukishika pointa ya orodha[0], kisha ukaikuza orodha, realloc inaweza kuihamishia kwingine, na pointa yako ikabaki inaonyesha mahali palipokwisha kurudishwa. Ujumbe wake kwenye AddressSanitizer ni heap-use-after-free. Shika namba ya nafasi badala ya pointa, na jibu la realloc lipokee kwanza kwenye pointa ya muda: likiwa NULL, orodha ya zamani bado unayo mkononi.