Analojia na dijitali: usiangalie zikiwa nzima, angalia zinavyoharibika

Nahamisha sana kanda za zamani kwenda kwenye kompyuta, na swali ninaloulizwa kila mara ni ipi kali, analojia au dijitali. Zikiwa nzima zote zinapiga vizuri tu, utofauti utauona zikianza kuharibika.

Analojia ni wimbi linalofuata sauti yenyewe, linapanda na kushuka bila kukatika, kwa hiyo takataka yoyote ikiingia njiani inakuwa sehemu ya wimbi na huwezi kuichambua tena. Ndo maana ukikopi kaseti halafu ukakopi ile kopi, ule mvumo wa "shhh" unazidi tu. Dijitali inapima wimbi na kuandika namba, CD ya muziki inapima mara 44,100 kwa sekunde (sikio la mtu linaishia kama 20,000 Hz, yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde, na hesabu inataka upime zaidi ya mara mbili ya hapo). Namba zinasafiri kama 0 na 1, anayepokea anachojiuliza ni hii 0 au 1 basi, ikichafuka kidogo bado inasomeka na uchafu unaishia hapohapo.

Sasa uchafu ukizidi hapo ndo balaa. Tivii ya analojia ingekuletea chenga na mpira ungeendelea kuangalia hivyohivyo, dijitali iko safi, safi, safi, mara viboksi, mara imeganda, mara giza. Kwa hiyo ukifunga antena usiamini macho, picha safi haikwambii kama umebakiza kidogo ianguke. Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, kuna mistari miwili, nguvu na ubora, we fuata ubora, geuza antena kidogokidogo na usubiri kila ukigeuza maana kile kipimo huwa kinachelewa.

Waya wa HDMI, ule wa kupeleka picha na sauti kwenye tivii, nao ni dijitali hivyohivyo, kwa umbali mfupi ule wa bei ghali hauongezi rangi wala ung'aavu, kama wa kawaida unapitisha bila picha kukatika basi umemaliza. VGA, ule waya wa zamani wa skrini za kompyuta, ndo ilikuwa analojia, pale waya mbovu ulileta ukungu kweli.

Kwenye kurekodi ndo watu wengi wanaumia. Kanda ukiizidishia sauti inaibana taratibu, mpaka wengine wanapenda ule mlio, ila kwenye dijitali juu ya 0 dB, yaani mwisho wa kipimo cha sauti, hakuna namba tena, ncha ya wimbi inakatwa bapa na sauti inapasuka, na kilichokatwa hakirudi hata uwe na programu gani. Mi naacha sehemu za sauti kubwa zaidi zicheze kati ya -12 na -6 dB, mtu akicheka ghafla bado kuna nafasi. Faili la kwanza sevu WAV, MP3 utatengeneza baadaye kutoka humohumo, maana WAV inabakiza sauti yote, MP3 inatupa vitu, na ukiiedit na kuisevu tena MP3 inatupa vingine.